Uji Unaovuta Sufuria

Msomaji mmoja ameuliza swali zuri. Range Rover za mwanzo zilimtaka dereva afunge difu ya kati mwenyewe akikwama topeni. Za miaka ya mwisho hazimtaki. Ni nini kilichobadilika, ikiwa umbo ni lile lile?

Umbo halikuguswa sana tangu gari lilipotoka Uingereza mwaka 1970 hadi kizazi hicho cha kwanza kilipokoma 1996. Milango minne ilikuja 1981, springi za hewa 1992. Hayo wapenda urembo watayajadili. Mimi nashuka chini ya sakafu.

Injini yake ya V8, lita 3.5, ilikuwa na nguvu za kuielemea ekseli moja. Mhandisi Spen King na wenzake wakazigawa mbele na nyuma, wakati wote. Lakini kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo katikati ikawekwa difu ya kuruhusu tofauti hiyo. Kasoro yake ni upole: gurudumu moja likiteleza, lenyewe ndilo huzunguka, mengine yanatazama. Ndipo dereva akaachiwa kazi ya kuifunga.

Mwaka 1988 kazi hiyo ikapewa kimiminika. Tukiiteje kifaa chenyewe? “Klachi ya mafuta” nimeikataa, maana klachi humtii dereva na hiki hakimsikilizi mtu. Neno mnato tunalo tayari, basi na kiwe kiungo-mnato.

Chukua sufuria ya uji mzito, tumbukiza mwiko. Vikizunguka kwa mwendo mmoja, uji umetulia. Sasa ukimbize mwiko peke yake: uji unaung'ang'ania, na sufuria inaanza kukuponyoka iufuate. Badala ya mwiko mmoja, weka sahani nyingi nyembamba, moja ya mpini, moja ya sufuria, zikipishana hivyo hadi juu. Mpini ni shafti ya mbele, sufuria ni ya nyuma. Upande mmoja ukiteleza, sahani zinapishana mbio, uji unapata moto, unavimba, unabana hewa iliyosalia humo, na shinikizo linapanda mpaka sahani zinashikana chuma kwa chuma. Tope lenyewe limefunga difu!

(Uji huo ni silikoni, na joto huulegeza kwanza, kabla shinikizo halijazishikanisha sahani.)

Kiungo-mnato kikizeeka huweza kuganda, kikabaki kimeshika hata kwenye lami kavu. Utakijua kwenye kona kali: usukani mzito, matairi yanalia, na fundi ameshaanza kufungua difu isiyo na kosa.