Jina Likishaingia Kwenye Daftari

Nchini Tanzania, ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ile ya sekondari hadi kidato cha nne ikafuata mwaka 2016. Hata hivyo, wapo watoto ambao saa nne asubuhi, siku ya masomo, utawakuta machungani au sokoni wakiuza karanga. Sare, madaftari, mchango wa uji, mwendo wa kwenda na kurudi, mdogo anayehitaji kubebwa: hayo hayafutwi kwa waraka. Mtendaji wa kijiji anaweza kumwita mzazi na kumtisha kwa faini, mtoto akaonekana darasani wiki mbili, kisha akapotea tena.

Hapo ndipo anapohitajika kijana wa kujitolea, tena wa kijiji hicho hicho.

"Shikamoo mama. Huyu binti mbona simwoni na wenzake?"

"Marahaba mwanangu. Ataanza mwakani. Sasa hivi ananishikia mdogo wake niende shamba."

Asiyefundishwa kazi hii ataanza kuhubiri umuhimu wa elimu, jambo ambalo mama huyo analijua vizuri kuliko yeye. Aliyefundishwa huuliza mtoto mchanga ana umri gani, bibi anakaa wapi, shamba liko mbali kiasi gani. Huenda bibi akakubali kukaa na mjukuu asubuhi. Huenda jirani naye ana shida hiyo hiyo, wakapokezana. Mazungumzo ya namna hii hayaishi kwa ziara moja, na baba naye lazima asikilizwe peke yake.

Tatizo ni kwamba miradi mingi husherehekea mapema. Jina likishaandikwa, picha hupigwa, ripoti hutumwa. Lakini mtoto wa miaka kumi aliyeketishwa na wa miaka sita, asiyejua herufi na anayechekwa, hana sababu ya kurudi Jumatatu.

Shirika la Educate Girls, lililoanzishwa na Safeena Husain nchini India mwaka 2007, lilijifunza hilo kwa namba. Vijana wake wa kujitolea huitwa Team Balika. Hupita nyumba kwa nyumba kutafuta wasichana wasiosoma, kisha husaidia kufundisha. Kati ya 2015 na 2018, wilayani Bhilwara, jimbo la Rajasthan, mradi wao ulifadhiliwa kwa mkataba wa kulipwa kwa matokeo. Asilimia 20 tu ya malipo ilitegemea uandikishaji. Asilimia 80 ilitegemea watoto kujua kusoma na kuhesabu. Kufikia mwisho wa mwaka wa pili walikuwa wamefika karibu nusu tu ya lengo la kujifunza. Mwaka wa tatu wakawapanga watoto kwa uwezo wao badala ya darasa, na wasioonekana wakafuatwa nyumbani. Lengo likavukwa hadi asilimia 160, na asilimia 92 ya wasichana waliotambuliwa kuwa nje ya shule wakaandikishwa. Mgao ule wa malipo ndio ninaoupenda zaidi, maana ulimnyima kila mtu nafasi ya kujificha nyuma ya orodha ya majina.

Sisi Tanzania tunao mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, MEMKWA, ulioanza kwa majaribio mwaka 1999 kwa ajili ya waliovuka umri wa kuanza darasa la kwanza. Kijana wa kujitolea anapaswa kujua kituo cha MEMKWA kilipo kabla hajabisha hodi, la sivyo atampeleka mtoto mkubwa mahali pa kuaibikia. Naye pia asiachwe hivi hivi: nauli, vocha ya simu, na mwalimu mmoja wa kumpa majina ya watoro kila Ijumaa. Kujitolea si kufilisika.

Kwenye mkutano wa kijiji wa Juni, usiulize wameandikishwa wangapi. Mwombe mwalimu mkuu aje na daftari la mahudhurio, kisha uliza: wale wa Januari, wamebaki wangapi?