Nani Ailinde Katiba? Maisha na Kazi ya Profesa Hans Kelsen

Ndugu msomaji, tuseme Bunge la nchi fulani limetunga sheria. Sheria hiyo imepigiwa kura, imetiwa saini na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Baada ya siku chache mwananchi mmoja anaisoma, na anaona wazi kwamba inamnyang'anya haki aliyopewa na katiba ya nchi yake. Je, aende wapi kulalamika? Akirudi kwa wale wale walioitunga, hiyo itakuwa ni kesi ya nyani ambayo hakimu wake ni ngedere. Akinyamaza, basi katiba itabaki kuwa kitabu cha kupamba kabati.

Leo watu wengi watamjibu kwa urahisi: aende mahakamani. Lakini jibu hilo halikushuka kutoka mbinguni. Lilibuniwa na watu, likapingwa na watu, na wako waliopoteza kazi na makao yao kwa ajili yake. Mmoja wao ni mwanasheria Hans Kelsen, ambaye habari zake zafaa kujulikana na kila mwananchi, hata yule ambaye hajawahi kukanyaga kizingiti cha mahakama.

MTOTO WA FUNDI TAA

Hans Kelsen alizaliwa tarehe 11 Oktoba, 1881, katika mji wa Praha, ambao wakati huo ulikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliozungumza Kijerumani. Angali mtoto mdogo, familia yake ilihamia Vienna, mji mkuu wa dola hiyo, na huko baba yake akaendesha karakana ya taa. Haikuwa nyumba ya mabwana wakubwa, bali ya watu wa kazi waliohesabu fedha zao kabla ya kuzitumia.

Kijana Kelsen alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Vienna na kupata udaktari mwaka 1906. Mwaka 1911 alitoa kitabu kikubwa juu ya misingi ya sheria za dola, kilichomfungulia mlango wa kufundisha chuoni. Mwaka uliofuata alimwoa Margarete Bondi, aliyekuwa mwenzi wake katika dhiki na faraja hadi uzeeni. Mungu aliwajalia mabinti wawili.

Fundisho lake kuu laweza kuelezwa kwa mfano wa ngazi. Askari wa barabarani anaposimamisha gari, anafanya hivyo kwa nguvu ya kanuni. Kanuni hiyo imepata nguvu kutoka katika sheria ya Bunge, na sheria ya Bunge imepata nguvu kutoka katika katiba. Kila kipago kinashikiliwa na kile kilicho juu yake. Kwa hiyo sheria inayopingana na katiba ni kama kipago kilichochomoka mahali pake: anayekikanyaga huanguka.

MAHAKAMA YA AINA MPYA

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, dola ile ya zamani ilivunjika vipande vipande. Austria ikabaki jamhuri ndogo, yenye njaa na yenye vyama vilivyotazamana kwa jicho baya. Karl Renner, aliyekuwa kiongozi wa serikali mpya, alimwita Profesa Kelsen asaidie kuandika katiba. Katiba hiyo ilipitishwa tarehe 1 Oktoba, 1920.

Katika katiba hiyo, sehemu aliyoipenda Kelsen kuliko zote ni ile iliyohusu Mahakama ya Katiba. Yafaa tufahamu upya wake. Huko Marekani, tangu kesi mashuhuri ya mwaka 1803 iliyoamuliwa na Jaji Mkuu John Marshall, mahakama zilikuwa zikikataa kuzitumia sheria zilizopingana na katiba. Lakini huko kila jaji anaweza kuipima sheria katika kesi iliyo mbele yake. Kelsen aliona kwamba katika nchi za Ulaya, ambako uamuzi wa jaji mmoja hauwafungi majaji wengine, utaratibu huo ungeleta vurugu. Mahakama ya mji huu ingesema sheria ni halali, na ya mji wa pili ingesema ni batili. Ingekuwa kama soko ambalo kila muuza nyama ana mizani yake, na kilo ya huyu si kilo ya yule.

Kwa hiyo iliwekwa mahakama moja maalumu, yenye kazi ya kupima sheria kwa kipimo cha katiba. Ikiona sheria ina kasoro huifuta, na ikishaifuta imefutika kwa watu wote. Iliruhusiwa pia kutoa muda kabla ya ufutaji kuanza kufanya kazi, ili Bunge lipate nafasi ya kutengeneza sheria nyingine. Naye mwananchi wa kawaida, akionewa na uamuzi wa ofisi ya serikali uliovunja haki zake za katiba, aliweza kupeleka malalamiko yake huko.

Wapinzani waliuliza: Je, mahakama hiyo haitakuwa Bunge la pili? Kelsen alijibu kwamba Bunge hujenga na mahakama hubomoa tu kilichojengwa nje ya kiwanja. Majaji hawakupewa kalamu ya kuandika sheria wanazozitaka wao. Walipewa kifutio peke yake.

Kelsen mwenyewe aliteuliwa kuwa mmoja wa majaji, kwa nafasi ya maisha na kwa ridhaa ya vyama vyote vikubwa, kwa kuwa hakuwa mfuasi wa chama chochote.

NDOA ZILIZOITIKISA NCHI

Sasa, ndugu msomaji, tunafika mahali ambapo mambo ya katiba yaliingia hadi vyumbani mwa watu.

Sheria ya ndoa ya Austria ilikuwa ya tangu mwaka 1811. Chini ya sheria hiyo Mkatoliki aliyefunga ndoa hakuweza kuivunja maadamu mwenzake yu hai. Mume na mke waliochokana waliruhusiwa kuishi mbalimbali, lakini hakuna aliyeweza kuoa au kuolewa tena. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo ilikuwa na kifungu kilichoziwezesha ofisi za serikali za mikoa kutoa ruhusa maalumu ya kuondoa kizuizi cha ndoa. Kuanzia mwaka 1919 mkuu wa jimbo la Austria ya Chini, Albert Sever, alianza kuitoa ruhusa hiyo kwa wingi. Maelfu ya watu waliotengana na wenzi wao wa kwanza wakafunga ndoa za pili. Watu wakaziita ndoa hizo kwa jina lake.

Basi mahakama za kawaida zikaanza kuzitangaza ndoa hizo kuwa batili. Fikiri hali ya mama aliyefunga ndoa kwa cheti chenye muhuri wa serikali, akazaa na kulea, kisha siku moja jaji anamwambia kwamba hakuwa mke wa mtu. Tena ilitosha habari kufika mahakamani kwa mkono wa mtu yeyote. Mume aliyemchoka mke wake wa pili aliweza mwenyewe kuitoa ndoa yake ili ivunjwe, akaondoka bila ya wajibu wowote. Serikali ilitoa kwa mkono wa kulia na kunyang'anya kwa mkono wa kushoto.

Mwaka 1927 jambo hili liliamuliwa na Mahakama ya Katiba. Mahakama haikuulizwa kama talaka ni njema au mbaya, wala haikujibu hivyo. Ilisema kwamba ruhusa iliyotolewa na ofisi ya serikali haiwezi kutanguliwa na mahakama za kawaida, kwa kuwa hizo hazikupewa mamlaka ya kuhukumu matendo ya ofisi hizo. Kelsen ndiye aliyejulikana kuwa mtetezi mkuu wa msimamo huo.

Ghadhabu ikawaka. Magazeti ya upande wa serikali yalimshutumu kwamba anafundisha watu kuoa wake wawili. Matusi yalibandikwa mlangoni pa nyumba yake, na mabinti zake waliyakuta walipotoka shule. Yeye ambaye ndoa yake haikuwa na dosari alichorwa kuwa adui wa ndoa.

Serikali haikuifunga mahakama. Ilitafuta njia ya kimya zaidi. Mwaka 1929 katiba ilirekebishwa, na ule ujaji wa maisha ukakomeshwa. Mwanzoni mwa 1930 majaji wa zamani waliondolewa na wengine wakateuliwa kwa utaratibu mpya uliotiwa mkono na wanasiasa. Chama cha Kisosholisti kilimwambia Kelsen kwamba kingempa mojawapo ya nafasi zake. Alikataa. Jaji anayeingia kwa tiketi ya chama, aliona, hawezi tena kuwa mlinzi wa katiba ya wote. Majaji wapya waliuacha uamuzi wa ndoa, na familia zile zikarudi katika mashaka.

Matokeo yake hayakukawia. Machi 1933 serikali ya Engelbert Dollfuss ililifunga Bunge na kuanza kutawala kwa amri. Amri hizo zilipoelekea kupelekwa Mahakama ya Katiba, baadhi ya majaji walijiuzulu, na serikali ikatoa amri nyingine iliyoifanya mahakama ishindwe kukutana. Mlinzi alikuwa amekwisha kulegezwa miguu miaka mitatu kabla. Siku mwizi alipokuja, hakuweza kusimama.

UGENINI

Kelsen alikuwa amekwisha kwenda Ujerumani, kufundisha katika Chuo Kikuu cha Köln. Mwaka 1931 alibishana kwa maandishi na profesa mwingine mashuhuri, Carl Schmitt. Schmitt alidai kwamba mlinzi wa katiba ni Rais wa dola. Kelsen alijibu kwamba katiba huwekwa ili kuwawekea mipaka wenye madaraka, na kwa hiyo mwenye madaraka hawezi kuwa mwamuzi katika shauri lake mwenyewe.

Mwaka 1933 Hitler alishika serikali, na Aprili ya mwaka huo Kelsen akafukuzwa kazi. Habari hiyo aliisoma gazetini. Walimu wenzake wa kitivo walitia saini barua ya kumtetea, isipokuwa Carl Schmitt. Kelsen akakimbilia Geneva, akafundisha kwa muda Praha, ambako wanafunzi wenye siasa kali waliyavuruga masomo yake, na mwaka 1940 akavuka bahari kwenda Marekani. Alikuwa na umri wa karibu miaka 60, akianza maisha upya katika lugha ya kigeni. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley hadi alipostaafu mwaka 1952. Alifariki dunia tarehe 19 Aprili, 1973, akiwa na umri wa miaka 91.

JINA LAKE LAFIKA KAMPALA

Huenda ukasema hayo ni ya Wazungu. La hasha. Mwaka 1966 Milton Obote aliisimamisha katiba ya uhuru ya Uganda na kuweka nyingine. Chifu Michael Matovu wa Buganda aliwekwa kizuizini, na kesi yake ikazusha swali kubwa: Je, katiba mpya ni halali? Mahakama Kuu ya Uganda, chini ya Jaji Mkuu Udo Udoma, iliyafungua maandishi ya Kelsen. Humo ilikuta fundisho kwamba mapinduzi yakifaulu, na utaratibu mpya ukatiiwa nchini, basi msingi wa sheria umebadilika. Mahakama ikaikubali katiba mpya. Mahakama Kuu Kabisa ya Pakistan ilikuwa imefanya vivyo hivyo mwaka 1958, ingawa mwaka 1972 iliukana uamuzi huo.

Ajabu iliyoje! Mtu aliyetumia ujana wake kuilinda katiba, jina lake lilitumiwa kuizika nyingine. Hata hivyo tumtendee haki. Kelsen alikuwa akieleza jinsi sheria mpya inavyopata kutambuliwa, kama daktari aelezavyo jinsi ugonjwa unavyoenea. Daktari huyo hakuubariki ugonjwa. Lakini elimu ni kama kisu: aliyekifua hachagui mkono utakaokishika.

TUNAJIFUNZA NINI?

Nchini Tanzania haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na tangu 1988 mwananchi ameweza kuzidai mahakamani. Ibara ya 30 inaipa Mahakama Kuu uwezo, badala ya kuitangaza sheria kuwa batili papo hapo, kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro. Hapa twaona kitu kinachofanana na ule muda uliotolewa na mahakama ya Vienna. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inaipa Mahakama Kuu ya huko kazi ya kuamua kama sheria yapatana na katiba. Huko Ulaya, baada ya Vita Kuu ya Pili, Austria iliirudisha mahakama yake, nazo Ujerumani, Italia na Hispania zikaanzisha za kwao. Aliyefukuzwa mlangoni amerudi na kupewa kiti.

Lakini, ndugu msomaji, usiisahau habari ya mwaka 1929. Mahakama ile haikuvunjwa kwa mizinga. Ilivunjwa kwa marekebisho yaliyofuata taratibu zote, wakati wananchi wengi wakiamini kwamba ugomvi ni juu ya ndoa za watu wengine na kwamba wao haliwahusu. Siku utakaposikia kwamba namna ya kuwateua au kuwaondoa majaji inabadilishwa, usiifunue kurasa ya gazeti upesi ili kuzitafuta habari za mpira. Isome habari hiyo hadi mwisho, wasomee na watoto wako, kisha uliza: Ni nani aliyekuwa akizuiwa na majaji hawa, na ni nani atakayefaidika wakiondoka?