Kuurejesha Mwendo Baada ya Kiharusi

Maradhi ya kiharusi, yampatapo mtu, aghalabu humwacha na nusu ya mwili isiyomtii. Na kwa kuwa upande wa kulia huamrishwa na ubongo wa kushoto, na wa kushoto na ubongo wa kulia, mshipa ukizibika au ukipasuka upande mmoja wa kichwa, mguu wa upande wa pili ndio ulegeao. Mguu wenyewe hauna dosari; kilichoharibika ni mahali amri itokapo. Hilo wengi hatulizingatii, na ndiyo sababu katika aila nyingi mgonjwa hulazwa, akakandwa kwa mafuta asubuhi na jioni, akaletewa kila kitu kitandani, kwa mapenzi yasiyo na shaka, ilhali kile ambacho ubongo wake wakihitaji, nacho ni kazi, ndicho anachonyimwa.

Ubongo uliojeruhiwa, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, una uwezo wa kuzikabidhi sehemu zilizosalimika baadhi ya kazi za ile iliyokufa, walakini haufanyi hivyo ila kwa kushurutishwa na marudio mengi. Namna ya kuushurutisha imezusha ikhtilafu. Katika miaka ya 1940, mjini London, Berta Bobath, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyetoka Berlin, pamoja na mumewe Karel, aliyekuwa tabibu, waliasisi njia ya kumwongoza mgonjwa kwa mikono ili kuuzuia ukakamavu wa misuli. Baadaye Janet Carr na Roberta Shepherd wa Sydney walishika rai kwamba mtu hujifunza kutembea kwa kutembea, na kusimama kwa kusimama. Na rai hii ndiyo ushahidi wa zama zetu unayoielekea zaidi.

Basi tabibu wa viungo huanza na kiti. Mgonjwa huketi, akairudisha miguu nyuma kidogo ya magoti, akainamisha kifua mbele, kisha akainuka huku akiutwisha mguu dhaifu sehemu ya uzito, maana usipotwishwa hukaa bure na mwenziwe akazoea kufanya kazi yote. Kiti kirefu huja kwanza, kifupi baadaye. Kisha hatua za ubavu kando ya meza, kisha kidato, na msaidizi husimama upande ulio dhaifu. Wayo ukiwa unaburura, hufungwa kifaa cha plastiki kiushikiliao, au huamshwa kwa umeme, ufundi aliouonyesha Wladimir Liberson mwaka 1961.

Hima nayo ina mpaka. Utafiti wa AVERT, uliotangazwa mwaka 2015 na kuwahusisha wagonjwa 2,104, ulidhihirisha kwamba waliotolewa kitandani mapema mno, ndani ya saa 24, na kufanyishwa mazoezi mengi, hali zao baada ya miezi mitatu zilikuwa duni kuliko za waliotunzwa kwa utaratibu wa kawaida.

Utafiti ninaotamani kila aila iujue ni ule wa LEAPS, ulioongozwa na Pamela Duncan huko Marekani na kutangazwa mwaka 2011. Wagonjwa 408 waligawanywa: wengine walitembezwa juu ya mashine ya mkanda huku miili yao ikining'inizwa kwa mikanda, na wengine walifuatwa majumbani na tabibu wa viungo, wakafanyishwa mazoezi ya nguvu na ya mizani, vikao 36 vya dakika 90. Mwaka ulipotimia, asilimia 52 ya wote walikuwa wamepanda daraja katika kutembea, na mashine haikuishinda nyumba. Hospitali zetu nyingi hazina mashine hiyo, wala jamaa hawana haja ya kuuza kiwanja wakaitafute ng'ambo. Wanachostahiki kudai, tena kwa sauti, ni tabibu wa viungo abishaye hodi mlangoni, akamwinua mgonjwa, na kuwafundisha watu wa nyumba namna ya kumwinua wakati tabibu hayupo.