Mpira wa Matone: Namna ya Kuushika na Kuutandaza

Mwenye shamba aliyepanda mikarafuu michanga ana mambo mawili ya kungojea. La kwanza ni miaka 6 hadi 8 kabla ya kuona zao la maana. La pili ni kiangazi, ambacho huja kila mwaka na huua miche mingi isiyokwisha kushika mizizi. Mche ukifa katika mwaka wake wa pili, mwenyewe hakupoteza mche tu. Amepoteza na miaka miwili. Kwa hiyo yafaa kila mwanachama ajue habari za mpira wa matone, yaani ule mpira mwembamba wa plastiki wenye vitundu, unaodondosha maji polepole karibu na shina la mmea.

Mfano wetu twautoa mbali na visiwani, huko Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Huko hawana masika na vuli kama sisi. Mvua yao ni ya msimu mmoja, tangu Oktoba au Novemba hata Aprili au Mei, kisha ni ukavu mpaka mvua zirudi. Mtu atakaye nyanya, kabichi au vitunguu katika miezi hiyo hulima bondeni karibu na kijito. Akinyweshea kwa ndoo, kila ndoo ni safari. Mpira wa matone humpunguzia safari hizo, kwani maji huanguka penye mizizi wala hayamwagiki njiani na penye magugu.

Lakini mpira huu ni kitu dhaifu. Ule utumikao sana una kipenyo cha milimita 16, na unene wa ukuta wake huenda ukawa milimita 0.2 tu. Mara nyingi hauharibiwi na maji, bali na mikono, siku ya kuutandaza na siku ya kuukunja. Basi tuzitazame kazi hizo moja moja.

Kwanza, nguvu ya maji. Nguvu hiyo hutokana na kimo cha pipa. Kwa bustani ndogo, pipa likiwekwa juu ya jukwaa la kimo cha mita 1 latosha, mradi kila mstari usizidi mita 15 hivi. Usiufunge mpira mwembamba moja kwa moja kwenye pampu yenye nguvu, kwani utapasuka. Hesabu yake ni nyepesi. Mpira wenye kitundu kila sentimita 30 una vitundu 50 katika mita 15. Kila kitundu kikitoa nusu lita kwa saa, mstari mmoja hutumia lita 25, na mistari minne hutumia lita 100. Pipa la lita 200 litanywesha mistari hiyo kwa saa mbili.

Pili, chujio. Maji ya bondeni huwa na tope na majani yaliyooza, na kwetu maji ya visima vya mawe ya matumbawe huacha chokaa. Vyote viwili huziba vitundu. Hapana budi kuweka chujio kati ya pipa na mipira, na kulisafisha mara kwa mara. Bomba la kutolea maji lisitoboe pipa chini kabisa, bali juu kidogo, ili tope libaki chini.

Tatu, kutandaza. Safisha tuta kwanza. Ondoa mawe, visiki na mabua makali. Tia kijiti katikati ya robota la mpira, watu wawili walishike lizunguke, na wa tatu avute ncha akitembea taratibu. Usiuvute kutoka ubavuni mwa robota kama kamba, maana utajipinda, na penye pindo maji hayapiti. Usiuburute juu ya mabua. Vitundu vitazame juu. Uchafu hutuama chini ya mpira, na vitundu vikitazama chini vitaupokea wote. Penye mteremko, fuata usawa wa kilima, usishuke nao moja kwa moja, ama sivyo mimea ya chini italewa maji na ya juu itakauka.

Nne, usiukaze. Huko Kibondo wakati wa kiangazi mchana huwa na jua kali na usiku huwa na baridi. Plastiki hurefuka kwa joto na hufupika kwa baridi, na mpira uliokazwa adhuhuri utachomoka katika kiungio usiku. Visiwani kwetu tofauti hiyo ni ndogo zaidi, lakini kanuni ni ile ile: uache ulegee kidogo.

Tano, kabla ya kufunga ncha, fungua maji yapite mpaka yatoke safi. Ndipo ukunje ncha mara mbili na kuivisha kipande kifupi cha mpira huo huo. Kisha weka makopo mawili, moja chini ya kitundu cha kwanza na jingine chini ya kitundu cha mwisho, kwa muda ule ule. Likipungua sana kopo la mwisho, ama mstari ni mrefu mno, ama pana kizibo.

Sita, ufunike mpira kwa majani makavu au udongo kidogo, usipeperushwe na upepo. Adui wake mkubwa ni jembe; palilia kwa mkono penye mpira. Panya nao huutoboa. Penye tundu, kata kipande kibovu uunge kwa kiungio. Msimu ukiisha, uoshe ndani, uukaushe, uuzungushe kwenye kopo kubwa, na uuweke kivulini. Ukiukunja kama nguo, penye kunjo ndipo utakapopasuka.

Je, mwenye mikarafuu aunufaike vipi? Mpira huu ni wa mimea ya safu. Mikarafuu hupandwa mbalimbali kwa mita 6 au zaidi, hivyo kuutandaza kwa ajili ya miche peke yake ni kumwagia maji ardhi tupu. Lakini mtu akipanda nyanya au bilinganya katikati ya miche, mstari mmoja waweza kupita kando ya mche, kiasi cha upana wa mkono kutoka shinani. Usiuzungushe kwenye mche, kwani utavunjika kunjo na maji yatakatika. Kwa njia hiyo mboga humpa mwenye shamba senti za kusubiria, na mche nao hunywa mpaka mvua zinyeshe.