Land Cruiser yenye kilometa 400,000: ni piyesi gani ya kubadilisha mbele moteri haijakufa?

Kwenye barabara ya Butembo–Manguredjipa, kwenye ile ya Lubero, na kule inaposhuka Beni kuelekea mupaka wa Kasindi, pick-up za Toyota zenye kutumia mazuti ndizo zinabeba karibu kila kitu: kahawa, kakao, viazi, mafuta ya ngazi, na watu wenye kukaa juu ya muzigo. Nyingi zilifika huku zikiwa zimekwisha kuzeeka. Zilinunuliwa Dubai ao Kampala, ao ziliuzwa na shirika fulani lililomaliza kazi yake hapa. Konteri inaonyesha kilometa 300,000 ao 400,000, ao haionyeshi kitu tena kwa sababu ilikufa zamani.

Wenye motokari wengi wanafuata desturi moja: gari inatembea mpaka izimike, kisha wanatafuta fundi. Kwa taa ao kwa mulango, hakuna shida. Kwa moteri ya mazuti, hiyo ndiyo njia yenye kula feza nyingi kuliko zote, kwa sababu piyesi za bei ndogo ndizo zinazolinda zile za bei kubwa. Tena kuzimika njiani huku kwetu si jambo la feza tu. Kwenye RN4, kati ya Komanda na Luna, magari yanasafiri mara nyingi kwa musururu chini ya ulinzi wa askari. Musururu hauwezi kungojea mutu mumoja anayefungua kapo. Na hata pale barabara iko na usalama, nyanya zenye kulala siku mbili ndani ya matope haziuziki tena.

Tuchukue mufano. Mutu ameuza ngombe, ameomba mukopo kwa ndugu, amenunua Land Cruiser HZJ79. Ndani yake kuko moteri ya 1HZ, ile Toyota ilianza kutengeneza mwaka wa 1990: silinda 6, lita 4.2, bila turbo, na pompa ya mazuti ya kimekaniki. Ni moteri yenye kuvumilia sana. Mwenyewe amebakia na dola mia chache, na garaji inamupatia liste ndefu: rangi, pare-choc, pneu mupya, enjektere, na mwisho kufungua moteri yote "ili iwe mupya". Aanzie wapi?

Aanzie kwenye kuruwa ya distribisio. Rangi itangojea.

Kuruwa hiyo ni mukanda wa mpira wenye meno, unaofichwa nyuma ya kifuniko upande wa mbele wa moteri. Unaunganisha vilebrekeni na pompa ya mazuti, pamoja na ule mti wenye kufungua na kufunga supapu. Muda unaojulikana wa kuibadilisha kwenye 1HZ ni kila kilometa 100,000, na kwenye tablo kuko taa ndogo yenye kuandikwa T-BELT inayowaka wakati unapotimia. Sababu ni hii: ndani ya moteri ya mazuti, nafasi kati ya kichwa cha pistoni na supapu ni ndogo sana. Kuruwa ikikatika, supapu zinabakia wazi pale zilipo na pistoni zinapanda zikizigonga. Supapu zinapinda, wakati mwingine mti wenyewe unavunjika, na kulasi inaenda kwenye rektifikasio. Tena kuruwa haitoi dalili. Hakuna moshi, hakuna kelele, gari inapanda mulima vizuri asubuhi na mangaribi inavutwa na kamba.

Lakini namna gani kujua kama ilibadilishwa? Usiulize konteri. Konteri inaweza kurudishwa nyuma, na ile taa inazimwa kwa kuhamisha parafujo ndogo. Kama muuzaji hana karatasi ya garaji yenye tarehe na kilometa, hesabu kuruwa kuwa ni ya zamani na uibadilishe mbele ya safari ya kwanza ya muzigo. Pamoja nayo, badilisha galeti yenye kuikaza, kwa maana galeti ikikwama inakata hata kuruwa mupya. Na zile spi za mbele zenye kuzuia mafuta, zibadilishwe siku ile ile: mafuta yakidondokea mpira, unaoza upesi. Kazi ya kufungua na kufunga ni ileile, basi kuilipa mara mbili ni hasara tu. Fundi akimaliza, aandike tarehe na kilometa kwa rangi juu ya kifuniko. Shofere atakayekuja nyuma atamushukuru.

Kisha kuruwa, maji. Hapa ndipo 1HZ nyingi zinakufa.

Moteri hii ikipata joto la kupita kiasi, kulasi yake inapasuka ao jwenti inaungua. Na sisi tunaishi kwenye milima. Kwenye kimo cha metre 1,800, maji ndani ya sufuria yanachemka kwa digri 94 hivi, si 100. Kama radiateri ingekuwa wazi, moteri yenye kubeba tani moja na kupanda kwa gia ya pili ingechemka haraka. Kinachozuia ni bushoni ya radiateri, kile kifuniko chenye resori. Kinafunga maji chini ya presha, na kiasi chake kimeandikwa juu, mara nyingi 0.9 kwa Toyota. Kwa presha hiyo, hata mlimani, maji yanaweza kupita digri 110 mbele ya kuchemka. Resori ikilegea, ao mpira wake ukipasuka, faida yote inapotea. Ni piyesi ya bei ndogo kuliko karibu zote ndani ya moteri, lakini utaona motokari ngapi zenye kufungwa kwa kitambaa na kipande cha kameri.

Desturi nyingine yenye kuharibu ni kuondoa kalorostati. Mafundi wengi wanaitoa wakisema kwamba ni ya inchi za baridi, huku Afrika haina kazi. Lakini kwenye moteri nyingi za Toyota, kalorostati ikifunguka inafunga pia njia ya mukato, ile yenye kurudisha maji ndani ya moteri bila kupita radiateri. Ukiitoa, njia hiyo inabakia wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa. Kwenye tambarare hutaona kitu. Kwenye mulima, chini ya muzigo, sindano inapanda. Na asubuhi ya baridi moteri inakawia kupata joto lake, mazuti haiungui vizuri, na inashuka kuchafua mafuta.

Basi, pesa kidogo ya pili iende huku: bushoni mupya, kalorostati mupya, tuyo zote zenye kuvimba ao kupasuka, na radiateri itolewe, isafishwe matope ya inje na kutu ya ndani. Mujaze likidi ya radiateri iliyochanganywa na maji safi. Maji ya mutoni yanaleta kutu na mawe, na kidogo kidogo yanaziba tundu ndogo. Kama maji yanapungua kila siku na huoni yanapovuja, ao kama kuna mapovu ndani ya radiateri wakati moteri inazunguka, simamisha gari hapo hapo. Jwenti imeanza kuachia, na kuipeleka Kasindi ni kuiua.

Hewa na mafuta havihitaji maneno mengi. Vumbi ya kiangazi likipita filtri, linakula segima na silinda kama msasa. Angalia kwanza bomba lote toka filtri mpaka moteri, na kamata zake, kwa sababu tundu moja nyuma ya filtri linatosha. Wale wenye kupuliza filtri kwa kompresa yenye nguvu wanaitoboa bila kujua. Vidanji iwe kila kilometa 5,000, na filtri ya mafuta ibadilishwe pamoja, si "safari ijayo".

Mazuti yenyewe ni shida kubwa zaidi. Kadafi wa kando ya barabara anauza kwa bidon, na ndani ya bidon mara nyingi mna maji. Chini ya filtri ya mazuti kuko robine ndogo ya kutolea maji. Shofere aifungue kila juma, ni kazi ya dakika mbili. Maji yakifika kwenye pompa, yanaleta kutu ndani ya vyuma vyenye kusafishwa na mazuti yenyewe. Na enjektere yenye kudondosha pahali pa kupuliza inaweza kutoboa kichwa cha pistoni. Kwa hiyo moshi unapaswa kutazamwa: mweusi ni mazuti mengi ao hewa kidogo, na kwa moteri bila turbo kidogo ni kawaida huku juu, bluu ni mafuta ya moteri yenye kuungua, mweupe usiokwisha hata moteri ikipata joto, ni mazuti isiyoungua ao maji ndani ya silinda.

Sasa, je, ile kazi ya kufungua moteri yote? Usikubali mbele ya kupima. Fundi apime kompresio ya kila silinda, moja moja. Kama zote sita zinakaribiana na gari inawaka vizuri asubuhi, kilometa 400,000 peke yake si sababu ya kuifungua. Moteri yenye kufunguliwa ndani ya vumbi, na piyesi za bandia, inaweza kutoka ikiwa mubaya kuliko ilivyoingia. Kama silinda moja iko chini sana, hapo kuna jambo la kutafuta. Fungua pia bushoni ya mafuta juu ya moteri ikiwa ralanti: pumzi ndogo ni kawaida, lakini moshi wenye kusukuma mukono ni segima zilizochoka.

Wenye Hilux za D-4D wana liste tofauti. Kuruwa yao inavumilia mpaka 150,000. Lakini enjektere zao zinafanya kazi kwa presha ya kupita bar 1,000, na mazuti ya bidon inaziua mapema. Kwenye ile ya lita 3, ile 1KD, kuko pia rondela ndogo za shaba chini ya enjektere. Zikiachia, masizi yanaingia ndani ya mafuta, yanaziba chujio la chini ya karteri, na moteri inakosa mafuta ghafula. Kubadilisha rondela hizo kwa wakati ni kuokoa moteri nzima.

Feza zitoke wapi? Butembo mpaka Kasindi, kwenda na kurudi, ni kilometa 270 hivi. Safari mbili kwa juma zinakupeleka kwenye kilometa 100,000 baada ya miaka 3 na nusu, yaani karibu safari 370. Mwenye kuweka dola 5 pembeni kila safari, mbele ya kugawa faida, atakuwa na dola 1,850 siku kuruwa inayofuata inapohitajika. Kwa vidanji aweke zake tofauti, kwa maana inakuja kila majuma 9. Na hesabu hiyo ikae kwa mwenye gari, ndani ya daftari moja pamoja na tarehe za kazi zote, si ndani ya kichwa cha shofere.

Kuko siku moteri imechoka kweli, na wengi wanaenda kutafuta nyingine ya okazio, ile iliyotoka Dubai. Omba ipimwe kompresio mbele ya kulipa. Fungua bushoni ya mafuta utazame chini yake: rangi ya maziwa ni maji. Zungusha vilebrekeni kwa mukono uone kama haikwami. Kisha, ikiwa bado iko chini kwenye sakafu ya garaji, pahali ambapo mukono unafika kila upande, weka kuruwa mupya, galeti mupya na spi mupya mbele ya kuiinua kuiingiza ndani ya gari.