Maharagwe, Virusi na GMO: Mama Ajue Nini?

Leo ninazungumza nawe mama, nawe nyanya unayelea wajukuu, na kila mlezi anayepika sufuria ya maharagwe nyumbani.

Juzi kliniki nilimpima uzito mtoto wa miaka miwili, nikakuta amepungua. Nilipouliza anakula nini, mamake akasema kwa sauti ya chini, "Sista, niliacha kumpa maharagwe. Nimesikia ni ya GMO, na yatamfanya asizae." Mtoto alikuwa akila ugali na chai tu. Basi tulielewe jambo hili.

Kwanza, GMO ni nini? Ni mmea au mnyama ambaye wataalamu wamebadilisha jeni zake. Jeni ni maagizo yaliyo ndani ya kila kiumbe, yanayoamua rangi, kimo na mengineyo.

Kwa nini mtu abadilishe jeni za maharagwe? Ni kwa sababu maharagwe nayo huugua. Virusi vikiyashambulia, majani hujikunja na kuwa na mabaka ya manjano, na maganda huwa machache. Mmea ulioambukizwa hauna dawa. Mkulima hupulizia sumu wadudu wanaoeneza virusi, tena na tena.

Nchini Brazil kuna virusi vinavyoenezwa na nzi weupe, na vinaweza kumaliza shamba zima. Wanasayansi wa Embrapa, taasisi ya utafiti ya serikali, walichukua kipande kidogo cha jeni ya virusi hivyo wakakiweka katika maharagwe. Kipande hicho hakiwezi kuleta ugonjwa. Huufundisha mmea kumtambua adui: virusi vikiingia, mmea hukatakata ujumbe wake, navyo hushindwa kuzaana. Maharagwe hayo yalipimwa, na Septemba 2011 yakaidhinishwa nchini humo.

Je, jeni hiyo itaingia kwa mtoto? La. Sukuma wiki, mayai, samaki, vyote vina jeni, na tumbo huzisaga kama chakula kingine. Virusi vya maharagwe pia haviambukizi binadamu. Wala hakuna ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyoidhinishwa humfanya mtu asizae.

Je, basi kila GMO ni salama? Hapana, huwezi kusema hivyo kwa jumla. Kila kimoja lazima kipimwe peke yake. Mwaka 2005 watafiti wa Australia waliacha mradi wa njegere zilizowekewa jeni ya maharagwe ili zisiliwe na wadudu, kwa kuwa panya waliolishwa walionyesha dalili za mzio. Njegere hizo hazikufika sokoni. Kupima ndiko kulikozuia.

Na hapa Kenya? Mama, hakuna maharagwe ya GMO yanayouzwa kwa wakulima wetu. Rosecoco, nyayo na mwitemania unazonunua sokoni ni mbegu za kawaida. Kwa hivyo usimnyime mtoto chakula kwa hofu. Maharagwe hujenga mwili na huongeza madini ya chuma yanayosaidia damu.

Fanya haya:
- Mtoto akitimiza miezi sita, mpondee maharagwe laini pamoja na mboga, huku ukiendelea kumnyonyesha.
- Loweka maharagwe usiku, mwaga maji hayo, kisha yachemshe hadi yaive kabisa. Maharagwe mabichi huumiza tumbo.
- Mpe chungwa au limau pamoja na chakula. Usimpe chai wakati wa kula, kwa maana huzuia madini ya chuma.
- Shambani, ng'oa mimea yenye majani yaliyojikunja na usiitolee mbegu. Virusi vingine vya maharagwe hupitia kwenye mbegu.
- Ukipulizia dawa, ngoja siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna. Dawa isiwekwe jikoni wala chumba cha kulala.

Yule mama alirudi nyumbani akapika maharagwe siku hiyo hiyo. Nawe ukisikia jambo la kukutia hofu, usimpunguzie mtoto chakula kwanza. Njoo kliniki uulize. Kuuliza si ujinga.