Je, Wajua? Mjane aliyefungua njia ya anga

Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji walirusha ndege juu ya Ziwa Tanganyika kuipiga Kigoma kwa mabomu. Miaka 13 baadaye ndege zilipewa kazi ya amani: jijini Nairobi, mjane tajiri Florence Kerr Wilson alitoa fedha zake kuanzisha Wilson Airways kwa ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth. Kazi ya kampuni ilikuwa kubeba barua na abiria, na safari zikafika hadi Dar es Salaam na Zanzibar. Wapo watakaosema sifa ni za rubani wa kampuni hiyo, Tom Campbell Black. Lakini rubani asiye na ndege, mafuta wala mafundi haruki, na hivyo vyote vilitaka mtu wa kuthubutu kupoteza mali yake. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kampuni ilihudumia walowezi na wakoloni. Nauli yake haikuwa ya mkulima wa kahawa wa Kalinzi, Kigoma. Ni kweli, na lisifichwe. Hata hivyo, vita vya 1939 vilipoimaliza kampuni, kiwanja chake cha ndege cha Nairobi kilibaki. Tangu 1962 kinaitwa Wilson, na hapo ndipo ndege za madaktari wa AMREF huondokea kuwafuata wagonjwa wa mbali.